Mteja Ameshaletwa Mlangoni

Kutoka Makuyuni, barabara ya lami inapita Mto wa Mbu, inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, inakata katikati ya mji wa Karatu na kwenda hadi lango la Lodoare, mlango wa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Atokaye Arusha kwenda kreta kwa gari hana budi kupita Karatu, na wengi wanaorudi kutoka Serengeti hupita hapo hapo. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895. Si wote waliokwenda kaskazini, lakini waliofika kreta kwa barabara hiyo walipita mbele ya meza za akina mama wanaouza shanga, vikapu na vikuku.

Naanza na barabara kwa sababu mafundi wa kazi za mikono wanapouliza “nitajitangazaje nami sina hela?”, swali lao huwa limeficha imani kwamba mteja yuko mbali na lazima afuatwe. Kwa Karatu imani hiyo haishiki. Gharama ya kumtoa mtalii Munich au Chicago imeshalipwa na wengine: Serikali kupitia Bodi ya Utalii na filamu ya The Royal Tour iliyozinduliwa Aprili 2022, mashirika ya ndege, kampuni za utalii za Arusha. Wewe umebakiziwa hatua kumi za mwisho, kutoka kiti cha gari hadi meza yako. Ni hatua ngumu, ila hazidai mamilioni.

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi ni Edward Saidi Tingatinga. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, akawa anaviuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam. Hakuchapisha karatasi yoyote ya matangazo. Alichagua mahali ambapo wageni wenye fedha ya kununua picha walikuwa wanakuja kutafuta nyama na mboga. Picha zake zilikuwa za mtindo ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, na zilibebeka. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima, na mwaka 1990 warithi wake wa sanaa wakaunda chama cha ushirika. Mahali, upekee na jina: mpaka leo sijaona bango lililoyashinda hayo matatu.

Turudi Karatu. Ni nani anayeamua gari lisimame wapi? Mgeni hayumo kwenye uamuzi huo, kwa sehemu kubwa. Anayeamua ni dereva anayewaongoza, na yeye anaongozwa na saa. Lango la Lodoare hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Asubuhi kila gari linakimbilia kreta kabla jua halijapanda. Hata ukisimamisha bango lenye urefu wa mnazi, hakuna atakayelisoma. Mchana wako bondeni. Wanarudi jioni wakiwa na vumbi na uchovu, wakiwaza maji ya moto. Ndiyo maana nasema bango la barabarani, ambalo ndilo jambo la kwanza mafundi wengi hulitolea fedha, hapa ni fedha iliyopotea.

Maduka makubwa ya vinyago kwenye njia hii yanalijua hilo. Yana maegesho, kahawa, vyoo safi, na mara nyingi kamisheni kwa dereva. Usicheke kuhusu choo. Baada ya saa mbili za barabara, choo safi kinasimamisha gari kuliko tangazo lolote, na fundi mdogo mwenye kibanda cha mabati hawezi kushindana katika uwanja huo. Kamisheni nayo, ukiingia kwenye mashindano yake, utajikuta unapandisha bei ya bangili ili kumlipa aliyeleta mteja, halafu mteja anaona bei na kuondoka.

Lakini dereva ana hitaji jingine. Kazi yake hupimwa kwa furaha ya wageni wake, na wageni wakifurahi bakshishi inakuwa nzuri. Mpe kitu cha kuwaonyesha, naye atasimama hata bila kamisheni kubwa. Tazama wahunzi wa Kidatoga kule Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Magari yanaiacha lami ya Karatu na kwenda kwenye vumbi hadi huko, kwa kuwa mgeni anakuta mivukuto ya ngozi ikipuliza moto, kufuli bovu au koki ya bomba ikiyeyuka na kumiminwa kwenye kalibu, kisha inafuliwa na kuchorwa mpaka inakuwa kikuku. Akishaona kufuli likigeuka kikuku mbele ya macho yake, mazungumzo ya bei yanakuwa mepesi. Hajanunua shaba tu. Amenunua nusu saa atakayoisimulia nyumbani miaka mingi.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayeshona shanga, kusuka au kuchonga Karatu haumgharimu senti: toa kazi nje. Wengi wanashona uani na kupanga mbele bidhaa zilizokamilika, zinazofanana na za jirani na za jirani yake. Geuza mpango. Weka mbele mkeka, sinia la shanga na kazi iliyofika nusu. Mkaribishe mgeni atunge hata mstari mmoja. Pale Arusha, karakana ya Shanga, ambayo tangu 2007 imekuwa ikiajiri mafundi wenye ulemavu na kutengeneza vitu kwa chupa zilizotumika, inawapitisha wageni kwenye kazi kabla ya kufika dukani. Karakana hiyo ni kubwa na ina wadau wakubwa, lakini mpangilio wake unaweza kuigwa kwa mkeka mmoja na viti viwili.

Hapa kuna onyo, na nalisema kwa ukali kidogo. Simulizi liwe la kweli. Sehemu ya vitu vinavyouzwa kwenye njia hii huletwa kwa marobota kutoka kwingine, na muuzaji anaapa kuwa bibi yake ndiye aliyevitengeneza. Mgeni akikuta bangili ile ile Arusha, Zanzibar na Nairobi, hatakudharau wewe peke yako. Atamdharau na yule mama wa boma la Ngorongoro aliyeshona yake kwa siku tatu. Kama umenunua kwa jumla, uza, ni biashara halali. Usiseme tu kwamba umeshona.

Mlango wa pili ni hoteli. Karatu ina hoteli na loji nyingi za wageni wanaolala usiku mmoja au miwili, na fundi mdogo huzitazama kama ukuta. Anakwenda kuomba kuweka meza ya kuuza, anakataliwa, anaishia hapo. Anza na kuiuzia hoteli yenyewe. Inahitaji pete za kushikia leso za mezani, vikalio vya glasi, vikapu vya mkate, vikapu vya nguo chafu, vishikio vya funguo. Kila kimoja kikiwa na kilebo kidogo chenye jina lako, mgeni atakishika wakati wa chakula na kuuliza kimetoka wapi. Hapo hoteli imekulipa wewe ili ikutangaze, mpango ambao wafanyabiashara wa mjini huulipia fedha nyingi. Bei ya jumla itakuwa ndogo kuliko ya rejareja. Kubali, maadamu haishuki chini ya gharama yako na ujira wako. Mafundi wengi husahau kuhesabu ujira wao.

Kuhusu kilebo nitakaa kidogo, maana ndicho chombo cha matangazo chenye faida kuliko vyote kwa fedha kidogo. Nunua karatasi za manila, chonga muhuri wa mpira, fungia kwa uzi. Andika jina la fundi au kikundi, “Karatu, Tanzania”, kimetengenezwa kwa nini, kinatunzwaje, na namba ya WhatsApp ikianza na +255. Bila hiyo 255, mtu wa Hamburg aliyeipenda bangili ya rafiki yake hawezi kukupata. Nimeona kazi nzuri sana za Ngorongoro kwenye nyumba za watu nje ya nchi, na mwenye nyumba hawezi kusema zaidi ya “nilinunua Afrika”. Fundi alitangaza bara zima na kujisahau yeye.

Kisha fikiria safari ya bidhaa baada ya kununuliwa. Wageni wengi huendelea kwa ndege ndogo ambazo kwa kawaida huruhusu kilo 15 za mzigo, kwenye begi laini. Sahani nzito ya mpingo, hata iwe nzuri namna gani, inashindwa na kitu chepesi kinachokunjika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na mwanya huo ni wako: mfuko mdogo wa mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi cherehani unageuka sehemu ya zawadi. Epuka kabisa miiba ya nungunungu, manyoya ya ndege wa porini, maganda ya mayai ya mbuni na ngozi za wanyamapori. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hizo ni nyara, na kuziuza bila kibali ni kosa kwako na balaa kwa mgeni uwanja wa ndege. Mgeni wa Australia naye atakaguliwa kila chenye mbegu, mbao au ngozi yenye manyoya. Mwambie mapema, mpendekezee shanga za kioo. Atakushukuru, na mtu anayekushukuru anakutangaza.

Bei ibandikwe, na iwe kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutaja bei au kupokea malipo ya bidhaa za hapa nchini kwa fedha za kigeni, hivyo ule mtindo wa “teni dola” umekwisha. Kuna wanaoniambia mtalii anapenda kupatana. Wapo, na wengine ni mabingwa. Lakini wengi zaidi wanaogopa, na mwenye woga hashuki garini. Bei iliyoandikwa inamtoa hofu. Uwe pia na chenji. Nimeshuhudia mauzo yakifa kwa kukosa noti ya 5,000, huku fundi akiwa amelipia vipeperushi.

Mtandaoni sitakaa sana. Jiandikishe kwenye ramani ya Google, ni bure, na hakikisha alama imekaa mlangoni kwako, isiwe katikati ya shamba la mahindi la jirani. Piga picha kivulini, nje, asubuhi, pamoja na mkono unaofanya kazi ukionekana. Programu ya WhatsApp ya biashara ina orodha ya bidhaa, ijaze. Mwombe kila mnunuzi mwenye furaha aandike maoni kabla hajalala hotelini, kwani akishapanda ndege amekusahau. Picha za watu, hasa Wahadzabe na Wamaasai, ziwe kwa ridhaa yao na kwa malipo mliyokubaliana. Kulipia matangazo Facebook ili wafuasi waongezeke, kwa biashara ya ukubwa huu, naona ni anasa.

Kuna kipindi ambacho haya yote hayasaidii. Aprili na Mei mvua za masika hukausha barabara hiyo kwa magari ya watalii, na mwaka 2020 ulitufundisha kwamba ukame unaweza kuchukua mwaka mzima: watalii walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867. Fundi aliyekuwa na wateja wa Karatu yenyewe alipona kwa nafuu. Harusi, sendoff, ubarikio, mahafali, zawadi ya mwalimu anayehama, vyote vinataka kazi ya mikono, na matangazo yake ni kwaya, kikoba na mnada. Usiwe na bei mbili kwa kitu kimoja, ya Mzungu na ya jirani, itakuumbua. Tengeneza vitu tofauti. Mkufu wa mapambo kwa mgeni, mkanda wa shanga wenye jina la bibi harusi kwa wa nyumbani.

Nikipewa shilingi 300,000 za matangazo ya mwaka mzima, 120,000 ningezitumia kwa sampuli: za kuachia hoteli, na vishikio vya funguo vyenye jina langu kwa madereva, kwa kuwa funguo za gari la safari zinaonwa na kila mgeni. 80,000 zingekwenda kwenye muhuri, manila na mifuko ya kitenge. 60,000 zingekuwa nauli ya kufika kwenye ofisi za kampuni za utalii Arusha, au kwenye maonyesho ya Karibu-Kilifair ya mwezi Juni, hata kama ni kutembea tu kati ya mabanda nikiwa na begi la sampuli. Zilizobaki ni bando. Nisingekopa kwa ajili ya matangazo. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ielekezwe kwenye shanga, uzi na vifaa, vitu vinavyorudisha fedha.

Msimu mkubwa unaanza Juni. Mameneja wa hoteli wana nafasi ya kukusikiliza mwezi Mei, nyumba zao zikiwa tupu na wao wakipanga upya meza na vyumba. Nenda wakati huo, na sampuli mkononi.