Kipi ununue mjini, kipi ukifuate shamba

Mkaazi wa Kiembe Samaki, hapa Unguja, yuko kati ya njia mbili za chakula. Upande mmoja ipo bandari ya Malindi, kunakoshuka mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta ya kula, na hata vitunguu na mbatata za kutoka bara. Upande wa pili lipo shamba: Dimani, Bweleo na Fumba kwa karibu, kisha Tunguu, Cheju, Unguja Ukuu mpaka Kizimkazi, kunakotoka muhogo, ndizi, majimbi, nazi na samaki. Kabla ya kulinganisha bei ya duka hili na lile, jiulize kwanza bidhaa imetokea upande gani. Kilichoshuka Malindi kinabeba nauli kila kinapouacha mji, kwa hivyo mchele wa mapembe wa duka la kijijini ni ule ule wa mtaani kwako, ila umesafiri zaidi. Mchele ambao ninaona unastahili kufuatwa ni wa mabonde kama Cheju, tena baada ya mavuno, ukiupata kwa mkulima mwenyewe.

Muhogo ni hesabu nyengine. Ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, na uharibifu unaanzia ndani huku ganda likibaki zuri. Mwambie muuzaji avunje ncha mbele yako. Nyama iwe nyeupe tupu. Ukiona michirizi ya buluu au myeusi, hata ukichemshwa saa nzima utabaki mgumu na mchungu. Mimi huchagua wenye udongo wake, maana uliooshwa ukang'aa huwezi kujua umelala mezani siku ngapi. Ukirudi nao nyumbani ufukie kwenye mchanga wenye unyevu, utakaa zaidi.

Lakini je, safari inalipa? Tuseme, kwa mfano tu, gari ya shamba kwenda na kurudi ni shilingi 4,000, na kila fungu la muhogo kule ni pungufu kwa shilingi 500. Mafungu manane ya mwanzo yanarudisha nauli tu. Faida inaanza kwenye la tisa. Nyumba ya watu wanne haimalizi mafungu tisa kabla hayajaharibika. Ndiyo maana familia ndogo naishauri iende Mwanakwerekwe, pua na mdomo na Kiembe Samaki, ambako mazao ya shamba yanafika kila siku. Shamba waende majirani watatu wanne waliochangishana, mmoja wao apande gari, arudi na polo zima la muhogo na mikungu ya ndizi, wagawane.

Samaki ndio wanaostahili safari kuliko chengine chochote. Dikoni bei inapangwa mnadani, na mchuuzi akishanunua ataongeza barafu, usafiri na faida yake, ambayo ni haki yake. Ukiwepo pale mwenyewe unaepuka gharama hizo, ila ujue mnadani huuziwi samaki mmoja wa mchuzi wa leo; unachukua mtungo au fungu kubwa, kwa hivyo uwe na friza au wa kugawana naye. Angalia na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka huadimika. Pweza mfuate wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na kina mama wakashuka mwambani. Bweleo na Fumba utapata na chaza. Kokote uendako, jicho la samaki liwe limejaa na ndani ya mashavu pawe pekundu; akishabonyea kwa kidole asirudi, mwache.

Duka zuri la shamba halina kibao. Waulize abiria wenzako garini wao wananunua kwa nani, kisha ukae na huyo huyo. Muuzaji aliyekuzoea atakwambia kweli kwamba ndizi za leo ni za juzi, na atakupigia simu akikata mkungu. Meza zilizopangwa kwa ajili ya wageni kwenye njia ya Paje na Jambiani bei zake ni za wageni, nawe huna sababu ya kuzilipa.

Wala duka la mtaani usilidharau. Mafuta ya kupimiwa kidogo kidogo yanatoka ghali kuliko dumu, hilo ni kweli, lakini muuza duka wa mtaani anakuandika kwenye daftari hadi mshahara utoke, na hakuna dalali wa dikoni atakayekufanyia hivyo. Nunua kwake sukari na unga, ulipe deni kwa wakati.

Ramadhani inavuruga hesabu zote hizi, kwa sababu kila nyumba inatafuta futari ile ile. Muhogo, majimbi na ndizi hupanda hata huko huko shambani. Nazi za koko zinakaa, basi zinunue kwa wingi mwezi wa Shaabani, na muuzaji wako wa ndizi mpe ahadi mapema, ikiwezekana na arubuni mkononi.