Malaria ya Watoto: Silaha Tuliyo Nayo na Ilindwe

Mwezi Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya kila mwaka juu ya malaria. Ripoti hiyo ilieleza kwamba katika mwaka 2023 ugonjwa huo uliua watu wapatao 597,000 ulimwenguni. Kati ya kila watu 100 waliokufa, 95 walikufa katika bara letu la Afrika. Na kati ya kila Waafrika wanne waliouawa na malaria, watatu walikuwa watoto ambao hawajatimiza umri wa miaka mitano. Hasara ya namna hiyo, lau ingetokea katika medani ya vita, ingesimamisha shughuli zote za dunia. Kwa kuwa hutokea kimya kimya, nyumba moja leo na nyumba nyingine kesho, wengi wetu tumeizoea.

Leo tunakusudia kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya jambo moja ndani ya suala hilo kubwa, nalo ni usalama wa dawa ambayo watoto hao huitegemea. Tunazungumza nao kwa sababu mbili. Kwanza, askari ni mzazi kama wazazi wengine, na mara nyingi mtoto wake huugua wakati yeye yuko lindoni au safarini. Pili, kazi ya askari humpeleka katika njia za mipakani, masokoni na katika vituo vya ukaguzi, yaani mahali pale pale dawa hupita, halali na haramu.

Tuanze na mahali penyewe. Katika kusini-magharibi ya Rwanda, katika wilaya ya Rusizi ambayo zamani watu waliijua kwa jina la Cyangugu, kuna kilima cha Mibirizi. Jina la Mibirizi lajulikana na wakulima wa kahawa, kwa maana mbegu mojawapo ya kale ya kahawa ya Rwanda huitwa kwa jina hilo. Hapo ipo hospitali ya wilaya. Chini ya vilima hivyo limetandaa bonde la Bugarama, lenye mashamba ya mpunga, maji mengi na joto, karibu na mahali mipaka ya Rwanda, Burundi na Kongo inapokutana. Rwanda ni nchi ya milima, na sehemu zake za juu zina baridi isiyompendeza mbu. Bugarama ni miongoni mwa sehemu za chini kabisa za nchi hiyo, na mbu wa malaria hustawi hapo. Mama anayempandisha mtoto mwenye homa kutoka bondeni hadi hospitalini ana matumaini makubwa katika jambo moja: kwamba dawa atakayopewa mtoto itafanya kazi.

Je, dawa hiyo hufanyaje kazi? Tangu mwaka 2006 Rwanda, kama nchi nyingi za Afrika Mashariki, imekuwa ikitibu malaria ya kawaida kwa dawa mseto. Mseto unaojulikana zaidi una dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, artemeta na lumefantrini. Artemeta ni ya ukoo wa artemisinini, dawa iliyopatikana nchini China katika mwaka 1972 kutokana na mmea wa artemisia. Mtaalamu Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Artemeta huwashambulia vijidudu upesi na kuwapunguza kwa wingi mno, lakini hukaa katika damu kwa saa chache tu. Lumefantrini ni ya polepole, lakini hubaki katika damu kwa siku kadhaa na kuwamaliza vijidudu waliosalia. Ya kwanza ni kama kikosi cha mashambulizi. Ya pili ni kikosi kinachobaki nyuma kusafisha eneo. Kila moja yailinda nyingine, na hiyo ndiyo maana ya kuziweka pamoja.

Wazo hili la mseto lilitokana na msiba. Kwa muda mrefu watoto wetu walitibiwa kwa klorokwini, dawa rahisi iliyopatikana hata dukani kijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijidudu wasiouawa na klorokwini walionekana katika Asia ya kusini-mashariki na Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walionekana katika Afrika Mashariki, na baadaye wakaenea barani kote. Katika vijiji vya Senegal vilivyofuatiliwa na watafiti, vifo vya watoto kwa malaria viliongezeka zaidi ya mara mbili baada ya usugu huo kuingia. Tanzania na Rwanda ziliacha klorokwini mwaka 2001. Katika miaka ya katikati, kabla dawa hiyo haijaachwa, wazazi wengi waliwapa watoto wao vidonge kwa uaminifu, wakafuata masharti yote, na bado wakawazika. Kosa halikuwa lao. Dawa yenyewe ilikuwa imekwisha nguvu.

Swali linalozuka ni hili: je, jambo hilo laweza kutokea tena? Utafiti wa miaka ya karibuni uliofanywa Rwanda watutaka tulifikirie kwa makini.

Katika mwaka 2020 Dakta Aline Uwimana wa Kituo cha Rwanda cha Tiba na Afya, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya kuchunguza damu ya wagonjwa iliyokusanywa kabla ya mwaka 2016. Katika eneo la Masaka, lililo ndani ya jiji la Kigali, wagonjwa 19 kati ya 257 walikuwa na vijidudu wenye badiliko la urithi ambalo wataalamu hulitambua kwa jina la R561H. Badiliko hilo huwawezesha vijidudu kustahimili artemisinini kwa muda mrefu zaidi. Usugu wa namna hiyo ulikuwa umeonekana Kambodia zaidi ya miaka kumi kabla, na wengi walidhani kwamba ukifika Afrika utakuja na msafiri kutoka Asia. Haikuwa hivyo. Uchunguzi wa urithi wa vijidudu hao ulionyesha kwamba walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Hakuna mpaka waliouvuka, na hakuna kituo cha ukaguzi ambacho kingaliweza kuwazuia.

Mwaka 2021 ukafuata utafiti wa pili, uliopima tiba yenyewe. Watoto wenye umri wa miezi sita hadi chini ya miaka mitano, waliokuwa wagonjwa wa malaria, walitibiwa kwa dawa mseto katika mwaka 2018 mahali patatu: Masaka, Rukara, upande wa mashariki ya nchi, na Bugarama, bonde lile lililo chini ya Mibirizi. Yafaa msikilizaji aelewe jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Mtoto hupewa dawa mbele ya mhudumu, na damu yake hutazamwa kwa hadubini siku baada ya siku. Kwa kawaida ifikapo siku ya tatu vijidudu hawaonekani tena. Kisha mtoto hufuatiliwa hadi siku ya 28. Vijidudu wakirudi, wataalamu hulinganisha urithi wao na wa wale wa siku ya kwanza, kama vile polisi wanavyolinganisha alama za vidole, ili wajue kama ni adui yule yule aliyejificha au ni mwingine aliyeletwa na mbu mpya.

Matokeo yalikuwa na sura mbili. Katika Masaka na Rukara, zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi bado alikuwa na vijidudu siku ya tatu. Kiwango hicho ndicho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa dalili ya hatari. Bugarama haikukifikia. Hata hivyo, katika sehemu zote tatu, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 walipona, mara walipotengwa wale walioambukizwa upya. Kwa maneno mengine, kikosi cha mashambulizi kimeanza kuchelewa, lakini kikosi cha nyuma bado kimeshikilia.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Isije mtu akasema kwamba dawa mseto haifai, akamnyima mtoto wake tiba. Dawa hiyo ilithibitika kuponya, na mtoto mwenye malaria anayekosa dawa yumo hatarini zaidi kuliko yule anayeipata. Lakini pia isije mtu akasema kwamba hakuna neno. Artemisinini inapolegea, mzigo wote huiangukia dawa ya pili. Na dawa ya pili ikishindwa, tiba nzima huanguka. Ndivyo ilivyotokea Kambodia kwa mseto wao. Tena ni ukoo huo huo wa artemisinini unaotumika hospitalini kwa mtoto aliyezidiwa. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2010, wenye watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Rwanda ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba sindano ya artesuneti ilipunguza vifo kwa zaidi ya sehemu moja katika tano ikilinganishwa na kwinini. Tukiipoteza artemisinini, tutakuwa tumepoteza ngao mbili kwa mara moja.

Wala jambo hili si la Rwanda peke yake. Usugu wa namna hiyo umethibitishwa kaskazini mwa Uganda, katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania, na katika Eritrea. Mwezi Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango maalumu wa kupambana na usugu wa dawa za malaria barani Afrika. Kati ya mambo uliyopendekeza ni nchi kutumia michanganyiko zaidi ya mmoja, ili vijidudu wasipate nafasi ya kuizoea dawa moja.

Hayo ni ya serikali na wataalamu. Askari ana wajibu gani?

Wajibu wa kwanza ni kupima kabla ya kutibu. Homa ya mtoto yaweza kuwa malaria, lakini yaweza pia kuwa nimonia au ugonjwa mwingine unaohitaji dawa tofauti. Kipimo cha tone la damu hutoa jibu kwa muda wa chini ya nusu saa, na nchini Rwanda hata wahudumu wa afya wa vijijini wanacho.

Wajibu wa pili ni kumaliza dozi. Mseto wa artemeta na lumefantrini hutolewa mara sita kwa siku tatu, kwa kadiri ya uzito wa mtoto. Dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, na zilizobaki asubuhi na jioni. Dawa itolewe pamoja na chakula au maziwa, kwa maana lumefantrini huhitaji mafuta kidogo ili iingie katika damu vizuri. Mtoto akitapika kabla saa moja haijapita, apewe dozi hiyo tena, na mhudumu aarifiwe ili aongeze vidonge. Mara nyingi homa hushuka siku ya pili, na mama huweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Hapo watoto wawili wamepewa nusu tiba, na vijidudu walio hodari wamepewa nafasi ya kubaki peke yao na kuzaana. Askari aliye mbali na nyumbani anapopiga simu kuuliza hali ya mtoto, asiulize homa tu. Aulize na vidonge vimebaki vingapi.

Wajibu wa tatu ni kutambua hatari mapema. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya, anayehema kwa shida, aliyepauka au aliyelegea asiamke, hana nafasi ya kungoja asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja. Katika saa kama hizo gari la kambi au la kituo laweza kuwa na thamani kuliko dawa yenyewe.

Wajibu wa nne wahusu kazi ya ulinzi hasa. Dawa bandia, na dawa zenye upungufu wa nguvu, ndizo mafunzo bora anayoweza kupewa kijidudu. Vidonge vya artemisinini pekee, visivyo na dawa ya pili, vilikatazwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2006 kwa sababu hiyo. Hata chai ya majani ya artemisia, ambayo wengine huisifu, hairuhusiwi na Shirika hilo kuwa tiba, kwa maana kiasi cha dawa ndani yake hakijulikani. Polisi anayekamata boksi la dawa za magendo asidhani kwamba amekamata bidhaa isiyolipiwa ushuru tu. Ndani ya boksi hilo mna maisha ya watoto asiowajua.

Na wajibu wa tano ni wa askari mwenyewe. Yeye huhama, na vijidudu huhama pamoja naye katika damu. Anayerudi kutoka doria au kazi ya nje akiwa na homa, apimwe na kutibiwa kikamilifu, asijitibu kwa vidonge viwili vya mfukoni. Na katika kambi, chandarua kisiwe cha kukaguliwa siku ya ukaguzi, bali cha kulaliwa kila usiku, cha askari na cha mtoto wake pia.

Ndugu wasikilizaji, klorokwini ilipotea kabla wengi wetu hatujajua kwamba inapotea. Safari hii tumeonywa mapema, na onyo limetoka katika damu ya watoto wa Masaka, wa Rukara na wa Bugarama, ambao wazazi wao walikubali wachunguzwe kwa faida ya wengine. Mama anayekipanda kilima cha Mibirizi na mtoto mgongoni hana uwezo wa kuilinda dawa hiyo peke yake. Ulinzi huo ni wetu sote, na walinzi wa nchi wana zamu yao ndani yake.