Wasichana Wanyonya Damu Mbele ya Watazamaji: Filamu ya Bit na Mizani ya Kuihukumu

1. Utangulizi

Mwaka 2019 filamu ya Kimarekani iitwayo Bit, iliyotungwa na kuongozwa na Brad Michael Elmore, ilianza kuonyeshwa katika matamasha ya filamu. Mwaka uliofuata ilitolewa kwa watazamaji wa nyumbani. Ni kisa cha wasichana wanyonya damu wanaoishi Los Angeles, wanaopendana wao kwa wao, na walioapa kwamba mwanamume yeyote hatapewa nguvu walizo nazo. Haikugharimu fedha nyingi wala haikuvuta umati mkubwa, lakini imezua mjadala mrefu kuliko ukubwa wake. Wapo walioipokea kwa furaha, wapo walioiona kuwa hotuba iliyovikwa meno, na wapo waliodai kwamba inawasaliti wale wale inaodai kuwatetea.

Makala haya yanakusudia kueleza kisa chenyewe, kuyapanga maoni ya watazamaji wake, na kuonyesha kwamba wengi wa wanaopingana hawajibu swali moja. Baadhi huuliza: ni nani anayeonyeshwa? Wengine huuliza: aliyeonyeshwa anaitumiaje nguvu aliyopewa? Maswali haya mawili yasipotenganishwa, hukumu hupotea njia.

2. Mnyonya damu na madaraka

Kwa msomaji wa Kiswahili, dhana ya mnyonya damu si ngeni. Neno mumiani hapo awali lilitaja dawa nyeusi iliyouzwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Baadaye likaja kumtaja mtu anayesemekana kuwavizia watu ili awatoe damu. Katika Katanga ya enzi ya Wabelgiji watu walisimuliana habari za batumbula, wakamataji wa usiku waliosemekana kuwatumikia wageni wenye mamlaka. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa aina hiyo, alionyesha kwamba masimulizi hayo hayafai kupuuzwa kana kwamba ni upuuzi wa wasiojua, kwani yalikuwa njia ya kusema habari za madaraka: nani ana haki juu ya mwili wa mwingine, na nani anafaidika na jasho na damu yake.

Mnyonya damu wa fasihi ya Ulaya ana asili nyingine, wala hafai kuchanganywa na mumiani. Hata hivyo, swali la madaraka wanalo wote wawili. Dracula wa Bram Stoker, aliyetolewa mwaka 1897, ni bwana mwenye ngome na cheo. Miaka 25 kabla yake, mwandishi wa Ireland Joseph Sheridan Le Fanu alikuwa amekwisha kukitoa kisa cha Carmilla katika kitabu cha mwaka 1872. Humo mnyonya damu ni mwanamke, naye anamwendea msichana aitwaye Laura kwa mapenzi yasiyojificha. Mwishoni wanaume wanafungua kaburi la Carmilla na kumwangamiza. Sinema ilirithi mpangilio huo. Katika Dracula's Daughter ya mwaka 1936, na katika The Vampire Lovers ya mwaka 1970 iliyotoholewa kutoka kisa hicho hicho cha Carmilla, mwanamke anayemtamani mwanamke mwenzake anapewa uzuri na hatari, kisha anauawa ili utaratibu urudi. Hapana budi kuukumbuka urithi huu kabla ya kuipima Bit.

3. Kisa kwa muhtasari

Laurel ni msichana wa miaka 18 aliyemaliza shule ya sekondari huko Oregon. Anakwenda Los Angeles kukaa na kaka yake Mark, na huko anakutana na kundi la wasichana linaloongozwa na Duke. Anang'atwa, anaponea chupuchupu, na anatakiwa kuamua kama atajiunga nao. Sheria kuu ya kundi ni moja: mwanamume asigeuzwe kamwe kuwa mnyonya damu. Duke ana sababu zake. Katika miaka ya 1970 yeye mwenyewe alitiwa utumwani na mnyonya damu wa kiume, bwana mwenye uwezo wa kuzipumbaza akili za wanawake, na tangu hapo anaamini kwamba wanaume wamekwisha kuwa na nguvu kupita kiasi.

Mtazamaji anayeijua The Lost Boys ya mwaka 1987 ataona mfanano: huko nako kijana aliyehamia California anavutwa na kundi la vijana wa usiku, na ndugu yake anaingia katika hatari. Lakini kundi lile liliongozwa na wavulana, nalo hili ni la wasichana watupu. Kadiri kisa kinavyoendelea, inadhihirika kwamba uwezo wa Duke wa kuwatawala wenzake unatokana na yule yule bwana aliyempindua. Laurel naye anajikuta kati ya sheria ya kundi na uhai wa ndugu yake.

4. Makundi ya maoni

Kundi la kwanza la watazamaji linaipima filamu kwa mizani ya kuonekana. Laurel anachezwa na Nicole Maines, mwanamke ambaye alipozaliwa alihesabiwa kuwa mvulana. Kabla ya kuingia katika sinema alijulikana kwa kesi ambayo mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Maine iliiamua mwaka 2014. Mahakama ilisema kwamba kumzuia mwanafunzi huyo kutumia choo cha wasichana shuleni kulivunja sheria ya haki za binadamu ya jimbo hilo. Mwaka 2018 alijiunga na tamthilia ya televisheni Supergirl katika nafasi ya shujaa aitwaye Dreamer. Ili kuuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kukumbuka jinsi sinema ya Marekani ilivyozoea kuwaonyesha watu wa hali yake. Katika Dressed to Kill ya mwaka 1980 na The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, kutamani mwili wa kike kuliwekwa katika nafsi ya muuaji. Kwa mtazamaji aliyekulia mbele ya picha kama hizo, kumwona Laurel akicheka, akipenda, akiogopa na akikosea kama kijana mwingine yeyote ni tukio kubwa. Kundi hili halijali sana kwamba filamu haina fedha za kutosha wala kwamba mazungumzo yake ni marefu.

Kundi la pili linaafiki nia ya filamu lakini linaulaumu ufundi wake. Linasema kwamba Duke anahutubia mno, kwamba hofu inakosekana pale inapotarajiwa, na kwamba wasichana wengine wa kundi hawakupewa nafasi ya kujulikana. Lawama hii haifai kutupiliwa mbali. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda; na kweli, baadhi ya sifa zilizomiminiwa filamu hii zilisifu upya wake tu.

Kundi la tatu ndilo lenye hoja nzito zaidi, na lenyewe limegawanyika. Upande mmoja unadai kwamba filamu inawachukia wanaume. Upande wa pili unadai kinyume: kwamba mwongozaji, akiwa mwanamume, amemfanya mtetezi mkali wa wanawake kuwa dhalimu, ili mwishowe wanaume waonewe huruma. Ni ajabu kwamba filamu moja inashutumiwa kwa makosa mawili yanayopingana. Ajabu hiyo hupungua mtu akigundua kwamba pande zote mbili zimeichukua sheria ya Duke kuwa ndiyo kauli ya filamu: wa kwanza wameisikia sheria ikitangazwa, wa pili wameiona ikivunjika, na kila upande umesimama hapo ulipofika.

5. Suala la ukimya

Jambo moja limezua hoja ya pekee. Filamu haitamki waziwazi kwamba Laurel alizaliwa akihesabiwa mvulana. Kuna vidokezo tu, hasa katika mazungumzo kuhusu maisha yake ya shule. Wapo wanaousifu ukimya huo kwa kuwa unamwacha Laurel awe mtu kabla ya kuwa mada. Wapo wanaoulaumu, wakisema kwamba kisichotamkwa ni rahisi kukanwa.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuchangia. Katika Kiingereza, kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja hutofautisha mwanamke na mwanamume. Kila anapotajwa, Laurel anathibitishwa kuwa mwanamke bila hotuba yoyote. Katika Kiswahili kiambishi a- na kiwakilishi yeye havisemi lolote kuhusu jinsia. Mfasiri wa filamu hii atakayeandika tu kwamba "amefika" au "yeye ni mwenzetu" atakuwa ameufuta uthibitisho huo pasipo kukusudia. Itambidi aurudishe kwa njia nyingine: kwa dada, binti, bibi, mwanangu wa kike, na hasa kwa maneno ya udugu ambayo Mark angeyatumia anapozungumza naye. Kwa hiyo ukimya wa filamu si ukimya kamili. Kuna jambo lisilotajwa kwa jina, lakini lugha yenyewe inalisema katika kila sentensi. Wanaoulaumu ukimya huo na wanaousifu wangefaidika wote kama wangelizingatia hili.

6. Hukumu na wakati

Maoni ya watazamaji si kitu kisichobadilika. Mfano ulio karibu ni Jennifer's Body ya mwaka 2009, iliyoandikwa na Diablo Cody na kuongozwa na Karyn Kusama. Humo msichana wa shule anatolewa kafara na wanamuziki wanaotaka umaarufu, naye anageuka kuwa shetani anayewala wavulana. Uhusiano wake na rafiki yake wa kike unavuka mpaka wa urafiki wa kawaida. Matangazo yaliuza mwili wa mwigizaji Megan Fox kwa vijana wa kiume, ingawa kisa kilikuwa kinawazungumzia wasichana. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 16 iliingiza takriban milioni 31 tu duniani kote, na wahakiki wengi waliidharau. Baada ya mwaka 2017, wanawake wengi walipojitokeza kueleza waliyotendewa na wanaume wenye madaraka katika sinema, filamu hiyo ilitazamwa upya. Tukio la kafara, ambalo wengi walilichukulia kuwa mzaha, likaeleweka kuwa ndio msingi wa kisa chote. Filamu haikubadilika hata kidogo. Lililobadilika ni swali ambalo watazamaji walikuja nalo.

7. Hitimisho

Tofauti kati ya Bit na Carmilla haiko katika kwamba mwanamke anapenda mwanamke, kwani hilo lilikuwapo tangu 1872. Tofauti ni kwamba safari hii kosa linapotokea, hawaji wanaume kufungua kaburi na kurudisha utaratibu. Wasichana wenyewe wanaulizana, wanashindana, na wanamhukumu kiongozi wao. Jeraha la Duke ni la kweli, na filamu hailikanushi. Inachokataa ni kwamba jeraha linampa aliyejeruhiwa haki ya kuwafumba wengine macho kama yeye alivyofumbwa.

Ndiyo maana mizani ya kuonekana peke yake haitoshi, ingawa ni ya haki. Watu waliozoea kuonyeshwa wakiwa waovu hudai, na ni sawa, kuonyeshwa wakiwa wema. Lakini wema usio na doa ni kifungo cha namna nyingine, kwani asiyeruhusiwa kukosea bado hajahesabiwa kuwa mtu kamili. Mhalifu wa Dressed to Kill alikosea, na kosa lake likabandikwa juu ya watu wote wa hali yake. Laurel na Duke wanakosea, na makosa yao yanabaki kuwa ya Laurel na ya Duke. Pengine hilo, kuliko meno na damu, ndilo jambo ambalo watazamaji wa filamu hii wangepaswa kulijadili kwanza.