Kilimia kinajua tarehe, hakijui mvua

Ndugu wanamemba wa koperative, katikati ya mwezi wa tisa musimame usiku pale Nguba, muangalie upande wa Rwanda. Kufika saa tano ya usiku (23h), kama taa za muji haziwasumbui, mutaona kifungu cha nyota ndogo, kama sita hivi, kinapanda juu ya milima. Ndicho Kilimia. Jina linatoka kwa neno kulima. Mwezi wa tano jua linakificha. Mwezi wa sita kinarudi alfajiri, kiangazi kikianza.

Hata Wagiriki walikifuata. Hesiod, zaidi ya miaka 2.600 iliyopita, aliwaambia wakulima wavune kikitokea, walime kikizama.

Kwa nini siyo mwezi? Miandamo 12 inapungukia mwaka kwa siku karibu 11. Kilimia kinarudi tarehe zilezile.

Lakini muangalie vizuri! Mvua ya kwanza inaweza kunyesha siku mbili tu, halafu jua lirudi na maharagi yafie ndani ya udongo. Kununua mbegu tena ni franga. Basi kabla ya kupanda, chimba kwanza na jembe. Kama chini kungali vumbi, ngoja.