Mkulima Naye Aonje Kahawa Yake
Mjini Moshi, yaliko makao ya Bodi ya Kahawa, wako mafundi ambao kazi yao ni kuonja. Humimina maji ya moto juu ya kahawa iliyosagwa, husubiri kama dakika 4, kisha huvuta kijiko kwa sauti na kutema. Ulimi huo hutambua arabika ya Kilimanjaro yenye uchachu safi, robusta nzito ya Bukoba, na buni iliyochachishwa kupita kiasi. Bei nayo hufuata hukumu hiyo. Lakini wakulima wangapi wa Kilema, ambao babu zao waliunda KNCU mwaka 1933, huinywa? Wengi hunywa chai! Vyama vya msingi na viwaandalie wanachama vikombe, vya kwao kando ya vya Kenya na Ethiopia, wapate kujua kwa nini gunia la jirani limepandishwa daraja na lao likashushwa.