Aprili ni ya Mnavu, Nyanya Zisubiri

Masika yakishakolea, bei za mboga katika soko la Kilombero, Arusha, hupishana njia. Fungu la mnavu hunenepa kwa bei ileile, huku nyanya zikipangwa tatu tatu kwa bei iliyokuwa ya fungu zima. Wanunuzi humlaumu dalali. Lakini lawama kubwa inastahili kwenda mlimani.

Arusha haina majira ya kuchipua kama ya Ulaya, ambako baridi hulaza mashamba kisha joto likayaamsha. Hapa msimu hupangwa na mvua pamoja na mwinuko. Kilele cha mlima Meru kipo zaidi ya mita 4,560, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Ndiyo maana Mbuguni, tambarare ya chini, na Ngaramtoni, juu ya mji, hazivuni mboga zilezile kwa wakati mmoja. Miteremko ya kusini hupata mvua nyingi. Ngarenanyuki, upande wa pili, imekaa kwenye kivuli cha mvua, na nyanya zake hutegemea maji ya mifereji.

Adui wa nyanya wakati wa masika ni bakajani chelewa. Kiumbe kinachouleta ugonjwa huo, Phytophthora infestans, ndicho kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Kinachohitaji ni jani lenye maji na hewa ya ubaridi, yaani Aprili ya Meru yenyewe. Mkulima hupulizia dawa, mvua ikaiosha, naye akarudia. Ule unga mweupe unaouona juu ya nyanya mara nyingi ni masalia ya dawa ya ukungu. Dawa kama mankozebu hukaa zaidi juu ya ganda, kwa hiyo kusugua nyanya kwenye maji yanayotiririka husaidia sana. Zipo nyingine zinazopenya ndani, na hizo hazioshiki. Kinga ni mkulima kungoja siku zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya kuvuna.

Mnavu na mboga ya loshuu, kinyume chake, hufurahia ubaridi. Jua la Januari likiwaka ndipo huchoka, kwa sababu kimeng'enya kinachonasa kaboni dayoksaidi ndani ya jani huanza kunasa oksijeni kimakosa, na mmea hupoteza nguvu. Mchicha na mgagani ina ujanja uleule wa mahindi na miwa: hukusanya kwanza kaboni dayoksaidi, kisha huisongamanisha karibu na kimeng'enya hicho, makosa yakapungua. Basi kiangazi, palipo na mfereji, ni cha mchicha.

Mboga hizi za kienyeji, ambazo wengine waliziona magugu, zimepewa heshima Tengeru, ambako World Vegetable Center ina kituo tangu 1992. Mnavu wa Nduruma na wa Olevolosi, aina zilizotokana na kazi yake, zina majina ya maeneo ya hapahapa Arusha.

Msimu ukishaujua, bado kuna umri wa fungu. Jani lililochumwa huendelea kupumua na kula akiba yake; joto huongeza kasi, na vitamini C hupungua haraka jani likinyauka. Maji anayonyunyiza muuzaji huleta mng'ao, lakini hayarudishi kilichopotea. Usitazame majani peke yake. Tazama mahali shina lilipokatwa: likiwa limekauka na kuwa la kahawia, fungu limelala. Kunja shina changa; bichi huvunjika kwa mlio, kuukuu hupinda tu. Njegere zibonyeze na kuonja, kwani sukari yake hugeuka wanga muda mfupi baada ya kuchumwa. Ngogwe nyeupe chukua kabla hazijaanza kuwa nyekundu.

Soko la Tengeru hujaa Jumatano na Jumamosi. Fika asubuhi, umuulize mama anayeuza: "Zimetoka wapi, na zimechumwa lini?" Aprili hii nunua mnavu mafungu mawili, nyanya za kuungia tu.