Kufupisha na Kurefusha Vipande vya Filamu

Wengi wenu mmeniuliza jinsi Chama chetu cha Historia kilivyoitengeneza filamu iliyoonyeshwa Siku ya Wazazi. Napenda kueleza kazi moja tu, nayo ni kufupisha na kurefusha vipande.

Katika programu ya kuhariri, vipande hupangwa kimoja baada ya kingine juu ya mstari wa wakati, kama mabehewa ya gari la moshi. Ukitaka kufupisha kipande, shika ncha yake kwa kipanya uivute kwa ndani. Ukiivuta kwa nje hurefuka. Filamu yetu ina picha 25 katika kila sekunde, kwa hiyo kosa dogo la mkono laweza kumkata msemaji katikati ya neno. Heri kwanza kuukuza mstari ili uone vizuri.

Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, ukifupisha kipande huenda likabaki pengo, nalo huonekana jeusi kwenye kioo. Vipande vinavyofuata havina budi kusogezwa pamoja na sauti zake, ama sivyo midomo itakwenda huku na maneno kule. La pili, ulichokata hakikupotea. Programu imekificha tu; faili ya asili haikuguswa.

Jambo hili la pili ndilo lililoniokoa. Tulimhoji babu mmoja wa hapa Akheri, aliyekuwa na miaka 8 Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwezi Novemba 1951 na nyumba zao kuchomwa moto. Kwa kuwa tulipewa dakika 5 tu, niliondoa kila mahali aliponyamaza. Mjukuu wake, ambaye tunasoma naye, alipotazama alisema, "Huyu siye babu. Babu hasemi upesi hivi."

Niliona haya. Nikavuta ncha za vipande, na kimya chake kikarudi chote, hata zile sekunde 11 baada ya kuitaja nyumba ya mama yake. Badala yake nikafupisha maneno yangu mwenyewe juu ya Kirilo Japhet, aliyekwenda New York mwaka 1952 kuwatetea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Yalikuwa dakika moja na nusu. Yakabaki sekunde 20.

Siku ya kuonyesha, babu aliketi mbele. Kimya kile kilipofika, ukumbi mzima ulinyamaza pamoja naye.

Basi, wadogo zetu mtakaoshika kompyuta ile baada yetu, kateni bila hofu, lakini msifute faili za asili kabla mwenye maneno hajaitazama filamu.